Pilipili Hupandwa Kimya

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa kazini, akaniambia nyumba ya bibi kule Rugu anaibomoa. Anataka kujenga ya tofali za kuchoma, na kile kieneo cha nyuma ya jiko atakisawazisha apate pa kuweka tangi la maji. "Kama kuna chako huko nyuma, njoo uchukue kabla mafundi hawajaanza," alisema, kisha akakata, maana baba mdogo hapotezi salio lake kwa ajili ya mtu. Nilibaki nimeshika simu. Wenzangu wa ofisini hapa Rubwera wakaniuliza kama kuna msiba. Nikawaambia hapana, ni pilipili tu.

Wakacheka. Hao ni watu wa kucheka, na mimi wameshanizoea kwa kioja kingine. Mtu akiita, hata akiwa chumba cha tatu, hata kama anamwita mwingine kabisa, mimi nimeshaitika "abee" na kusimama. Kuna kaka mmoja wa masjala husema mimi huitika kabla sijaitwa. Sijawahi kumweleza sababu. Wewe nitakueleza, ndugu yangu, kwa sababu mwaka huu nimeshaieleza mara moja, na mara ya pili si nzito kama ya kwanza.

Nilikwenda Jumamosi. Mvua zilikuwa zimeanza na njia ya kuingia kwetu ilikuwa utelezi mtupu, nikavua viatu nikavishika mkononi. Migomba imezidi kuwa minene. Nyumba ya bibi ndiyo niliiona imepungua, utadhani kuna mtu amekuwa akiimega pembeni mwaka hadi mwaka. Makaburi yetu yako palepale ndani ya kibanja, shamba letu la migomba, la bibi na la babu, yamesakafiwa na kufagiliwa. Nikapiga magoti pale kidogo, halafu nikazunguka nyuma ya jiko, na pilipili zilikuwepo.

Hazikuwa zile tulizopanda, hizo zilishakufa zamani. Zilikuwa wajukuu wa wajukuu wao, maana pilipili kichaa husambazwa na ndege. Ndege akila hawaki mdomo kama sisi. Anameza nzima, anatua mahali, anaiacha. Miche ilikuwa imeota ukutani kwa jiko, imeota kwenye jalala la majivu, na mingine imevuka ule mstari wa mlamula unaogawa kibanja chetu na cha jirani. Mlamula ndio mpaka wetu huku, unapandwa ukikubaliana na mwenzako na haung'olewi. Nilipoona pilipili zimevuka, na mahali penyewe zilipovukia, niliviweka viatu chini. Nikajikuta nimeketi chini kwenye tope na sketi yangu ya kazini.

Nirudi nyuma sasa, nikwambie.

Nilikuwa darasa la tatu, nikiishi na bibi. Bibi yangu hakuwa na mali, ila pilipili zake zilijulikana. Ukija kwetu mchana ukakuta ndizi zimeiva ndani ya majani yake, na maharage yana mafuta ya ng'ombe, palikuwa na kisahani pembeni chenye pilipili iliyopondwa na chumvi, na wageni walikuwa wanakigusa kwa ncha ya kidole kwa adabu. Msimu wa senene ndio ulikuwa wenyewe. Tulichambua mabawa na miguu mpaka vidole vinanata, bibi akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na mwisho kabisa akafikicha pilipili kavu juu ya kikaango. Jiko zima tunakohoa, machozi yanatoka, pua zinatoka, na hakuna anayekubali kutoka nje asije akapunjwa. Hata leo nikisikia harufu ya pilipili inayoungua kwa jirani, hukohoa na kuona njaa kwa pamoja.

Kupanda pilipili kulikuwa na sheria nyumbani kwetu. Anayesia mbegu haongei. Hasalimii, hasalimiwi, haitiki, hacheki, tangu mbegu ya kwanza mpaka mstari wa mwisho ufunikwe. Bibi alisema ukali unakaa mdomoni mwa mpandaji. Ukifungua mdomo unatoka na upepo, mbegu zinabaki nyasi. Sijui alilitoa wapi hilo. Alifundishwa na mama yake, na mama yake labda na wake. Mimi sikuhoji. Katika nyumba ambayo mtoto asiyesalimia alichapwa, kulikuwa na siku moja kwa mwaka ambayo kunyamaza ndiyo adabu, na hilo lilinifurahisha ajabu.

Ng'ambo ya mlamula alikaa jirani yetu, mjane mmoja aliyetoka upande wa Bukoba kuja kuolewa huku. Mimi nilimwita bibi wa ng'ambo. Bibi yangu Mkatoliki, yeye Mlutheri, na walitaniana kwa hilo kila Jumapili wakirudi makanisani, kila mmoja akimuuliza mwenzake kama leo Mungu alikuwepo kwao. Watoto wake walikuwa mbali. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa Muleba. Kila asubuhi nilisimama kwenye mlamula nikapaza sauti, "Shikamoo bibi wa ng'ambo!" naye popote alipo, hata akiwa ndani anajifunga kanga, akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, mmeamkaje?" Siku nyingine aliniita mwenyewe: "Mjukuu wangu, njoo kidogo." Nikiitika abee na kukimbia, nakuta ameniwekea karanga kwenye kipande cha jani la mgomba, au ndizi mbivu. Alikuwa na presha. Alikuwa na dawa zake kwenye kopo la maziwa, na kazi yangu ilikuwa kumfungulia mfuniko kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekakamaa.

Na alikuwa mtundu, bibi yule! Mwaka mmoja kabla, bibi yangu akiwa anasia pilipili zake kimya, amefura kama mtu aliyenuniwa na ulimwengu, bibi wa ng'ambo alikuja akasimama kwenye mlamula akaanza kusimulia habari za mbuzi wa mchungaji wao aliyeingia kanisani akala kitambaa cha madhabahu. Akamsimulia huku anaigiza na mbuzi mwenyewe. Bibi alivumilia mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu akaangusha kijiti akacheka mpaka akakaa chini. Pilipili za mwaka ule hazikuwa na kitu. Tulizitafuna kama nyanya. Bibi alimlaumu mwenzake mwaka mzima, kwa utani ule wenye ukweli ndani, na kila mgeni aliambiwa, "Hizi ni pilipili za Kilutheri, kula tu usiogope."

Sasa mwaka uliofuata bibi alinipa mimi kusia. Mimi! Nilikuwa na binamu wakubwa, na hakuna aliyewahi kupewa. Alisema mkono wangu ni mwepesi. Kwa siku tatu sikulala vizuri kwa furaha. Nilimtangazia kila mtu, na bila shaka nilimtangazia bibi wa ng'ambo, naye akashika kiuno akacheka. "Kesho nitakuja nikutekenye kwa maneno mpaka uongee," aliniambia. "Mbuzi amerudi tena kanisani, una habari?" Nikamwapia kwamba hataniweza. Akasema tutaona.

Asubuhi ya kesho yake, Jumamosi, bibi alikwenda na wanawake wenzake wa jumuiya kufanya usafi kanisani. Aliniachia kibuyu cha mbegu, majivu kwenye ungo, na tuta alilolilainisha jana yake kivulini. Nichore mistari kumi kwa kijiti, nidondoshe mbegu, nifunike kwa udongo na majivu, nimalizie kwa majani makavu ya mgomba. "Usifungue mdomo mpaka mstari wa mwisho," alisema. "Hata nikikuita mimi mwenyewe, usiitike." Akajitanda kanga akaondoka.

Nilikuwa mstari wa nne niliposikia mlamula unatikisika.

"Mjukuu wangu, uko?"

Nikabana midomo. Nikacheka kwa ndani, mabega yanatetemeka. Nikajisemea, haya, mbuzi huyo anakuja. Tuta lilikuwa nyuma ya mgomba mnene, simwoni naye hanioni, na nikaona hiyo ni bahati yangu kwa sababu ningemwona uso tu ningecheka. Nikaendelea kudondosha mbegu, moja, moja.

Mstari wa sita: "Njoo kidogo."

Sauti ilikuwa imebadilika. Nakwambia ukweli, ndugu yangu, niliisikia imebadilika. Ilikuwa nzito, imeburuzika, kama mtu anayeongea na ndizi mdomoni. Na mimi nikasema moyoni, angalia anavyojua kuigiza. Abee ilikuwa imefika kwenye ulimi kabisa, nikaimeza.

Mstari wa saba akaita mara ya tatu. Hakusema mjukuu. Alisema, "Mwanangu." Hilo tu.

Kisha kimya. Nikajiona mshindi. Nilisia mstari wa nane, wa tisa na wa kumi bila haraka, nikafunika vizuri, nikapanga majani makavu, nikatandika mengine juu yake, nikanawa mikono kwenye beseni. Ndipo nikaruka nikapiga kelele, "Abeeee! Bibi wa ng'ambo, umeshindwa!"

Nilimkuta ameketi chini, ameegemea mashina ya mlamula. Kandambili moja iko mguuni na nyingine iko nyuma, karibu na mlango wake, kwa hiyo alitembea umbali ule wote na kandambili moja. Mdomo ulikuwa umeanguka upande mmoja. Alikuwa hai. Macho yake yalinitazama, na hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa na hasira. Mkononi alikuwa ameshika lile kopo la dawa, halijafunguliwa.

Nilikimbia barabarani nikipiga yowe. Watu wakaja, wakamfunga kwenye machela ya miti na blanketi wakambeba. Mimi nilijifuta machozi kwa viganja vyangu vilivyoshika mbegu asubuhi nzima, na maji ya beseni hayatoi pilipili, kwa hiyo macho yaliniwaka mpaka nikawa sioni. Wanawake walinikumbatia. "Tazameni mtoto huyu anavyompenda," walisema. "Amelia mpaka macho yamevimba." Sikuwaambia ni pilipili. Hata mimi sikujua tena yapi ni machozi na yapi ni pilipili.

Alikufa Jumapili hospitalini. Hakusema neno jingine. Msibani nilisifiwa tena, kwamba ni mimi niliyemkuta, kwamba bila mimi angelala pale mpaka jioni. Binti yake kutoka Muleba alifika wakati kaburi linachimbwa, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili akaniambia, "Asante, mdogo wangu." Mwanamke mmoja nyuma yetu akaguna akasema, jamani, laiti angepata mtu wa kumwitikia mapema. Hakuwa na maana mbaya. Lakini bibi yangu alikuwa ameketi karibu, na nikamwona anageuza shingo taratibu kutazama upande wetu wa mlamula, kule kwenye tuta lililofunikwa vizuri, mistari yote kumi.

Usiku hakusema. Siku ya tatu, tunamenya ndizi, akaniuliza bila kunitazama, "Ulimaliza mistari yote?"

"Ndiyo, bibi."

"Bila kuongea?"

"Ndiyo, bibi."

Akaendelea kumenya. Hakuniuliza tena kitu chochote kuhusu siku ile mpaka anakufa, na mimi sikumwambia. Tuliishi miaka tisa na hilo jambo katikati yetu.

Pilipili ziliota zote. Zilikuwa kali, kali kupita kiasi, wageni walitoka nje wakihema. Bibi hakuzionja. Na mwaka uliofuata, wakati wa kusia ulipofika, hakunipa kibuyu wala hakunyamaza. Alichuchumaa kwenye tuta akaanza kuongea na mbegu ya kwanza. Aliongea mfululizo, kwa sauti, peke yake. Alisimulia habari za mbuzi wa mchungaji kutoka mwanzo mpaka mwisho, na alipofika mahali pa kucheka, akacheka, kicheko kikavu kama cha mtu anayesoma. Mimi nimesimama mlangoni kwa jiko nimeshika ufagio. Nilidhani amerukwa na akili.

Na pilipili zile, nikwambie? Zilikuwa kali vilevile. Nilipopewa kuonja niliwaka mpaka masikio. Nikasimama pale jikoni na moto wangu mdomoni nikaelewa kwamba kunyamaza kwangu hakukuwa na kazi yoyote. Zile za mwaka wa mbuzi labda mvua ilizidi, labda mbegu zilikuwa mbovu, nani ajuaye. Bibi alikuwa ananitazama. Nadhani ndilo alilotaka kujua, na alipolijua akaumia kama mimi. Kutoka hapo kila mwaka alipanda akipiga soga.

Mimi sijawahi kusia pilipili tena. Nimejaribu, usidhani sikujaribu. Hapa Rubwera nimejaza udongo kwenye ndoo iliyotoboka mara tatu, nne. Nikichuchumaa tu, nikidondosha za kwanza, naisikia: mjukuu wangu, uko? Kwa sauti ileile, upande uleule wa kushoto. Naitika. Naitika kwa nguvu mpaka mpangaji mwenzangu anatoka kuuliza ninaongea na nani. Kisha namwaga udongo.

Basi, Jumamosi ile nimeketi kwenye tope nyuma ya jiko, natazama pilipili zilizovuka mpaka. Zilikuwa zimeota palepale alipoegemea. Nne, zimejaa matunda mekundu yanatazama juu. Mlamula ukatikisika, na sauti ya mwanamke ikasema, "Uko hapo?"

Nikaitika abee kwa sauti ambayo hata baba mdogo aliisikia kule mbele.

Alikuwa binti yake. Sasa ni mama mtu mzima, kichwa cheupe, amerudi kukaa kwenye kibanja cha mama yake baada ya mumewe kufariki. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Alisema amesikia tunabomoa. Alisema pilipili zile huzichuma yeye, nisimchukie, zimejileta zenyewe. Halafu akasema lile neno ambalo nimelikimbia maisha yangu yote: "Mimi nikiziona nakukumbuka wewe. Nashukuru kwamba mama hakufa peke yake kama mnyama. Ulimkuta."

"Dada," nikamwambia, "sikumkuta. Aliniita."

Nikamweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, kila kitu, mistari, mbuzi, kopo, kandambili. Sikujitetea kwamba nilikuwa mtoto. Alisikiliza ameshika jani moja la mlamula, analikunja na kulikunjua. Nilipomaliza hakusema "pole" wala "Mungu akusamehe." Aliuliza, "Aliita mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Alisemaje?"

Nikamwambia ya kwanza. Nikamwambia ya pili. Nikasita. "Ya tatu alisema mwanangu."

Akaacha lile jani. "Mwanangu? Mama hakuwahi kukuita mwanangu."

"Hapana, dada. Mimi aliniita mjukuu siku zote."

Alitazama chini pale kwenye pilipili. Mimi sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja, nakuapia. Miaka yote hiyo niliibeba ile sauti ya tatu kama yangu. Akasema, "Sema alivyosema. Kwa sauti yake."

Nilikataa. Akasema tena, "Sema." Basi nikafumba macho, nikaiacha itoke ilivyokuwa, nzito, imeburuzika, upande mmoja wa mdomo: "Mwanangu."

"Abee, mama," alisema.

Alisema taratibu, kitoto kabisa, mama mtu mzima yule mwenye mvi. Kisha akageuka akaenda zake kwenye nyumba, akafunga mlango. Sikumwita. Sikujua kama amenisamehe, na mpaka leo sijui, wala sidhani kama nina haki ya kuuliza.

Nyumba ya bibi haipo tena. Baba mdogo amenitumia picha, tangi jeusi limekaa pale palipokuwa na jiko, tuta liko chini ya zege. Wajukuu wa pale wanakula pilipili ya chupa kutoka dukani. Mimi nilichuma konzi moja kabla sijaondoka, nikaikausha dirishani, na juma lililopita nikajaza ndoo udongo na majivu. Nikachuchumaa. Nikadondosha ya kwanza, ya pili, nikajiandaa na abee yangu mdomoni. Nikamaliza ndoo nzima.

Hakuita. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, nimegeuza sikio la kushoto, nasikiliza, na nilichosikia ni bodaboda zinapita barabarani. Ameshaitikiwa, na aliyekuwa anamtaka. Na mimi abee yangu bado ninayo, jamani, na hakuna tena wa kumpa.